Muuaji haogopi karatasi, anaogopa kukamatwa

Ndugu wachimbaji, mama zetu mnaotwanga mawe na kuosha mchanga, na weye kijana unayesoma gazeti hili kwa sauti ili wenzako wasikie: leo sitasema juu ya bei ya kilo wala juu ya taksi za barabarani. Leo ni maneno ya damu.

Mwezi uliopita tulizika mwenzetu. Alikuwa negosia mdogo, si tajiri: piki piki moja, mizani moja, na franga za watu ndani ya mfuko. Walimngoja jioni kwenye mteremko, pale ambapo piki piki zote zinapunguza mwendo kwa sababu ya mawe. Walimpiga kwa chuma cha kuchimbia, wakachukua mfuko, piki piki wakaiacha. Asubuhi tulimkuta amelala kando ya njia, shati limelowa umande. Wanaojua Pepa wanajua baridi ya Marungu asubuhi. Sitaandika jina lake, familia yake iko hapa na watoto wake wanajua kusoma.

Kwenye kilio watu walikuwa na neno moja tu kinywani. «Leta ianze kuua hao wauaji. Ikiua wawili, watatu, wengine wote wataogopa.» Kijana mmoja akasema: «Si Kinshasa walisharudisha ile mambo? Basi wangoje nini?» Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilinyamaza. Ni miaka mingi niko mjumbe wa sendika, watu wamezoea kunisikia nikipaza sauti. Siku ile sikuipaza, juu moyo wangu pia ulikuwa unasema: wauawe.

Tangu siku ile nimewaza sana. Nimesoma, nimeuliza watu wa sheria, nimekumbuka mambo niliyoyaona mwenyewe. Leo ninaandika kile nilichokifikia, na najua wengi hamtakubali. Mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnijibu.

Swali lenyewe si kama muuaji anastahili kufa. Juu ya hilo kila mtu ana moyo wake na Mungu wake. Swali ni lile lililosemwa kwenye kilio: tukiua wauaji, wengine wataogopa? Njia zetu zitakuwa salama? Nauliza hivyo kwa sababu ndiyo ahadi tuliyopewa. Barua ya waziri wa Haki, Rose Mutombo, ya Machi 2024, ilisema hukumu ya kifo itaanza tena kutekelezwa ili kusafisha jeshi na wasaliti, na ili kuzuia ugaidi na ujambazi wa mijini unaoleta vifo. Kuzuia. Basi tuangalie kama inazuia.

Kwanza tujue kwamba sheria hii si mpya. Wengi wanafikiri hukumu ya kifo ilifutwa, sasa imerudi. Hapana. Iko ndani ya kitabu cha sheria za makosa cha 1940, tangu wakati wa Wabelgiji, na haikutoka hata siku moja. Mtu akiua baada ya kupanga, adhabu yake ni kifo. Kilichosimama ni kutekeleza: mara ya mwisho Leta kuua watu waliohukumiwa ilikuwa Januari 2003. Lakini majuji hawakuacha kuitamka ile hukumu. Miaka yote hii imetamkwa, na miaka yote hii tumezika.

Sisi wa upande huu hatuhitaji mfano wa mbali. Tuna Gédéon. Gédéon Kyungu Mutanga, chefu wa Mai-Mai, yeye na watu wake waliwasha moto ile sehemu ya kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ambayo watu waliiita pembetatu ya kifo. Alikamatwa, kesi yake ikasikilizwa Kipushi, na tarehe 5 Machi 2009 korti ya kijeshi ikamhukumu kifo juu ya makosa dhidi ya ubinadamu. Tulishangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia. Nilisema: sasa kila mwenye panga na bunduki amesikia.

Walisikia nini? Septemba 2011, mchana, watu wenye silaha walivunja gereza la Kasapa pale Lubumbashi, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Gédéon akatoka nao. Akarudi porini, akaanza Bakata Katanga, na vijiji vikawaka tena, Pweto, Manono, Mitwaba. Watu mamia ya maelfu walikimbia makwao. Mwaka 2016 akajitoa, akapokewa kama mgeni wa heshima na kupewa nyumba Lubumbashi, yeye aliyehukumiwa kifo. Machi 2020 akakimbia tena. Sasa niambie weye kijana wa kwenye kilio: muuaji mdogo wa pale mteremkoni akitazama maisha ya Gédéon, anajifunza kuogopa nini?

Najua jibu lenu. Mtasema: «Ni kwa sababu hawakumuua. Wangelimuua 2009 yasingetokea.» Ni kweli, mtu aliyekufa havunji gereza. Lakini hata mtu aliyefungwa mahali penye mlango wa kweli na mlinzi anayelipwa havunji gereza. Pale Kasapa hakukukosa kamba. Kulikosa mlango. Na Leta ambayo haiwezi kushika mlango wa gereza, mnaiamini vipi ishike kamba ya kuulia watu?

Tena tulishakuwa na nyakati za kuua kweli. Wazee wanakumbuka Juni 1966. Mobutu alinyonga wanasiasa 4 mbele ya watu Kinshasa: Jérôme Anany, Emmanuel Bamba, Alexandre Mahamba na Évariste Kimba, huyu Kimba mtoto wa Katanga hii hii, aliyekuwa waziri mkuu. Kesi yao haikumaliza hata nusu ya siku. Umati ulikuwa mkubwa, na wakati kamba ilipofanya kazi yake watu wengine walikimbia kwa hofu. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini nani aliogopa? Raia wa kawaida aliogopa kusema. Mwenye bunduki hakuogopa kuua. Mwaka uliofuata Kisangani na Bukavu zilikuwa tena katika vita.

Na baada ya 1997, chini ya Mzee Kabila, korti ya kijeshi ilihukumu watu mbio mbio, bila rufaa, na wengi walipigwa risasi. Miaka ile ile ndiyo nchi yetu ilikufa kuliko miaka yote. Sitasema kwamba korti ile ndiyo ilileta vita, ningekuwa mwongo. Ninasema kwamba risasi za korti hazikumfundisha mtu yeyote thamani ya uhai. Mzee Kabila mwenyewe aliuawa Januari 2001 ndani ya jumba lake, na mlinzi wake, mtu aliyejua vizuri kuliko sisi wote kwamba adhabu ni kifo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa jeshi. Tarehe 3 Julai 2024, kule Lubero, korti ya kijeshi ilihukumu askari 25 kufa kwa sababu walimkimbia adui. Ilitangazwa redioni kila mahali, ili wengine waogope kukimbia. Januari 2025 Goma ikaanguka. Februari Bukavu ikaanguka. Na sisi watu wa ziwa tuliona mashua kutoka Uvira zikifika Kalemie na watu waliokimbia, raia na askari pamoja. Askari ambaye hajala, hajalipwa, na mkubwa wake alishaondoka, anaogopa kile kilicho mbele ya macho yake. Hukumu ya Lubero iko mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mtu anaogopa kilicho karibu na kilicho hakika. Sisi wachimbaji tunalijua hili kuliko maprofesa. Kila mmoja wetu anajua kwamba shimo linaweza kuanguka na kumzika. Hiyo ni hukumu ya kifo pia, na haina msamaha wala rufaa. Je, tumeacha kushuka? Hatukuacha, juu kila asubuhi tunajiambia: si leo, si mimi. Lakini siku ukiona mchanga unamwagika kutoka ukutani na ukasikia mti unalia, hapo unatoka mbio, hata kama juu walikuahidi franga mara mbili. Mauti ya mbali haituzuii, ila ishara ya karibu inatuondoa. Muuaji ni mtu kama sisi. Akikaa pale mteremkoni akingoja piki piki, hajiulizi kama ni kifo au miaka 20. Anajiulizia mambo matatu: Nitaonekana? Nikionekana, atasema? Akisema, nani atakuja kunitafuta? Na hapa kwetu majibu ya yale matatu ni: hapana, hapana, na hakuna.

Nina daftari la sendika. Ndani yake ninaandika kila mwenzetu anayekufa: shimo, maji, ugonjwa, mkono wa mtu. Nimechimba kasiterite Manono, nimechimba koltani Kisengo, leo niko karibu na kwetu, na daftari lile limetembea nami kote. Waliokufa kwa mkono wa mtu wanajaza ukurasa mzima. Wauaji waliosimama mbele ya juji nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki. Hata ungeweka adhabu ya kuchomwa mara saba, adhabu hiyo inakaa kwenye karatasi kama hakuna aliyekamatwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa sheria alinionyesha, na lilinikosesha usingizi. Sheria yetu inatoa kifo si kwa muuaji tu. Mwizi mwenye silaha pia adhabu yake ni kifo. Sasa jiweke mahali pa mwizi. Umemsimamisha negosia, una chuma mkononi, na amekutambua uso: mnauza soko moja. Ukimwacha, atasema, na kwa kitabu utakufa. Ukimuua, hatasema, na kwa kitabu adhabu ni ile ile. Sheria hiyo inamwambia mwizi afanye nini? Mwenzetu alijua watu wote wa njia ile. Mimi naamini aliuawa kwa sababu alitambua uso, kuliko kwa sababu ya mfuko. Mfuko alikuwa angewapa.

Sasa niseme niliyoyaona kwa macho yangu ng'ambo. Mwaka 2000, vita vilipofika hapa Pepa, nilikuwa na miaka 19. Tulitembea kwa miguu mpaka Zambia, na nikaishi miaka mingi kambini Mwange, upande wa Mporokoso. Kijiji kimoja karibu na kambi, mtu alimuua mwenzake kwa shoka juu ya mambo ya pombe. Kesho yake polisi wakafika, wawili, juu ya baiskeli. Waliandika, waliuliza, walimchukua. Baada ya miezi wale walioona waliitwa Kasama kusema mbele ya juji, wakapewa usafiri, na wakarudi salama. Muuaji alifungwa. Wakati ule Zambia nayo ilikuwa na hukumu ya kifo kitabuni, lakini haikuua mtu tangu 1997, na huyu hakuuawa. Lakini mimi kijana wa vita, niliyetoka mahali ambapo mtu anaua na kesho anapita sokoni, nilishangaa kuliko kama ningeona kunyongwa. Baiskeli mbili! Katika kijiji kile watu wote walielewa: ukiua, watakuja.

Na tarehe 23 Desemba 2022, Rais wao Hakainde Hichilema alitia sahihi sheria ya kufuta hukumu ya kifo. Naye ni mtu aliyeonja upande wa pili: 2017, akiwa mpinzani, alikaa gerezani miezi 4 juu ya kesi ya uhaini, kosa ambalo wakati ule adhabu yake ilikuwa kifo. Rwanda ilifuta 2007, Burundi 2009. Mbali zaidi, Canada ilifuta 1976. Mwaka mmoja mbele ya pale, kwa kila watu 100.000 waliuawa 3 hivi kwa mwaka. Mwaka 2003 walikuwa chini ya 2. Sisemi kufuta ndiko kulikopunguza. Nasema mbingu haikuanguka. Hata Marekani, ambako wanaua mpaka leo, baraza kubwa la wataalamu lilitazama mwaka 2012 utafiti wa miaka zaidi ya 30, likasema utafiti ule hauwezi kuonyesha kama hukumu ya kifo inapunguza mauaji, inaongeza, au haifanyi kitu. Kama wao, wenye polisi, maabara na kompyuta, hawawezi kuonyesha faida, sisi wenye kituo kisicho na kalamu tutaionyesha wapi?

Sasa jambo lililonivunja kabisa. Siku mbili baada ya mazishi, watu walimkamata kijana mmoja. Kosa lake: alikuwa na simu mpya na dola. «Ni yeye!» Na mimi nilikuwepo, sitajificha. Sikupiga, lakini sikuzuia mapema. Walimpiga kwa mawe na miti, mmoja akaenda kutafuta petroli. Mama yake akalala juu yake. Ndipo mjomba wake alifika na karatasi: franga alizituma yeye kutoka Kalemie, kwa simu, siku moja mbele ya mauaji, ni pesa ya kuanzisha duka. Kijana yuko mzima, lakini jicho moja limekwenda. Kama yule wa petroli angerudi haraka, leo tungekuwa na makaburi mawili na muuaji bado mmoja.

Mtaniambia: huo ni umati, korti ni jambo jingine. Ni kweli, na ndiyo maana ninataka korti. Lakini korti yetu inapata wapi ukweli? Hakuna daktari wa kupima damu, hakuna wa kuchukua alama za vidole. Kuna shahidi aliyeogopa, na kuna kijana aliyekiri baada ya kupigwa. Aliyefungwa bure, siku ukweli ukitoka unamfungulia mlango. Kanali Eddy Kapend na wenzake wengi walihukumiwa kifo Januari 2003 juu ya mauaji ya Mzee Kabila. Hawakuuawa. Miaka ilipita, wengi wakaendelea kusema kesi ile haikuwa sawa, na Januari 2021 wakatoka gerezani kwa msamaha wa Rais Tshisekedi. Kapend alirudi jeshini, akawa jenerali, akaongoza jeshi la Lubumbashi. Kama ni mwenye hatia au si mwenye hatia, mimi si juji. Lakini kama wangemuua 2003, swali lenyewe lingekuwa limezikwa.

Na tuseme kweli juu ya nani anakufa. Mei 2024 watu wenye silaha waliingia Palais de la Nation Kinshasa kutaka kupindua Leta. Septemba, 37 walihukumiwa kifo, na kati yao Wamarekani 3. Aprili 2025, hukumu ya wale 3 ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na siku chache baadaye wakapanda ndege kurudi kwao. Sisemi walipaswa kuuawa. Nafurahi kwamba mama zao waliwaona. Lakini Januari mwaka ule ule, waziri wa Haki wa wakati ule Constant Mutamba alitangaza kwamba vijana 102 walioitwa Kuluna wamepelekwa gereza la Angenga kungoja kuuawa. Vijana wa mitaa, miaka 18 mpaka 35. Nani alipanda ndege kuja kuwaombea? Mchimbaji mwenzangu, siku kesi ya namna hiyo ikimwangukia mtoto wako, weye uko upande wa wale 3 au upande wa wale 102?

Nikafika hapo na mawazo yangu, nikaenda kwa mjane. Niliona si haki niandike gazetini bila kumwambia. Nilikaa uani, nikamweleza yote haya. Alinisikiliza akichambua maharagwe, kisha akasema: «Shemeji, weye unasema hivyo juu si weye balikuulia mutu. Bwana yangu balimuua sawa mbwa. Miye nikisikia bamekufa, nitalala.»

Sikuwa na jibu, na sina hata leo. Hasira yake ni haki yake, hakuna hesabu ya Canada inayoifuta. Nikamwambia: mama, sikuja kukunyang'anya hasira. Nikamuuliza tu: «Kama ungeamuru weye, ungeanza na nini?» Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: «Nijue kwanza ni nani. Asimame, nimutazame, aseme juu ya nini. Na minerval ya batoto babili, shemeji. Skuli bamewafukuza jana.»

Ndugu zangu, angalieni. Kati ya mambo aliyoyaomba, hakuna hata moja ambalo barua ya waziri inaleta. Wakubwa wametuahidi kifo kwa sababu kifo ni rahisi. Barua moja, sahihi moja, redio inatangaza. Kumpa mjane yule anachotaka ni gharama: uchunguzi, usafiri, juji, gereza, na shule. Wametupa neno kubwa ili tusidai kazi ndogo ndogo za kila siku.

Basi tudai. Kwa Leta, naona mambo manne.

La kwanza, OPJ mwenye njia ya kufanya kazi. Siku tulipokwenda kutangaza kifo cha mwenzetu, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tuliombwa petroli, karatasi na kalamu. Familia yenye maiti inalipia uchunguzi! Mpaka tumekusanya franga, mvua ilikuwa imenyesha na nyayo zimefutika. Mafuta ya piki piki ya OPJ yatazuia mauaji kuliko kamba ya Angenga.

La pili, korti ije kwetu. Wanaiita audience foraine: juji, parke na avoka wanasafiri mpaka mahali kosa lilipotendeka. Kesi isikilizwe Pepa, mbele ya watu, mchana. Ile ndiyo hofu inayofaa. Hukumu inayotamkwa Kalemie hatuisikii, na muuaji mwenzake haisikii.

La tatu, gereza linalofunga na kulisha. Mfungwa anayekufa njaa anauza chochote atoke, na mlinzi asiyelipwa ananunua. Tusisahau Kasapa.

La nne, shahidi alindwe. Jina lake lisipigwe kelele sokoni kabla ya kesi. Mtu akiona kwamba aliyesema jana leo amehama kijiji, kesho hakuna atakayesema.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Negosia asitembee peke yake na franga jioni. Wapange siku, waende watatu, wanne. Kila karieri iwe na daftari la nani ametoka saa ngapi na anakwenda wapi, ili asipofika tujue usiku ule ule. Mwizi akikamatwa, apelekwe akiwa mzima. Atakayekimbilia petroli, sendika itamtaja yeye kama muuaji, na mimi nitaandika jina lake kwenye ukurasa ule ule wa daftari. Na kila shimo litoe kidogo kila mwezi kwa ajili ya wajane. Tumeanza: minerval ya wale watoto wawili imelipwa mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Si nyingi, lakini wamerudi darasani.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu, na Leta ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kumlinda! Hilo ndilo neno ambalo Leta haijalifanyia kazi bado kwenye njia zetu. Ianze na lile la kulinda, kabla ya kutuomba ruhusa ya kuua.

Waliomuua mwenzetu bado wanatembea. Pengine mmoja wao anasikia gazeti hili likisomwa, amekaa nasi anakunywa lutuku, na anacheka kidogo kila tunapotaja kifo, juu anajua hakuna anayekuja. Nataka siku moja asikie piki piki inapanda mlima, aulize ni nani, na aambiwe: ni OPJ, ana mafuta, ana karatasi, na anauliza nyumba yako.

Mchimbaji na mjumbe wa sendika, Pepa